Marejeleo ya hifadhidata wakati wa kunakili na kupandisha seva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayesimamia hifadhidata yenye seva kuu moja na seva nakala moja au zaidi, hasa PostgreSQL na MySQL. Mifano mingi nimeichukua kwenye mfumo wa SACCOS, kwa sababu huko namba moja ikielekeza pasipo pake, fedha ya mtu inaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Tukisema rejeleo tunamaanisha nini?

Ni namba au utambulisho mwingine wowote ulio mahali pamoja na unaoelekeza kwenye rekodi iliyo mahali pengine. Jedwali la marejesho lina safu ya mkopo_id, na kila namba humo inaonyesha mkopo mmoja kwenye jedwali la mikopo. Wengi huishia hapo.

Lakini namba hiyohiyo ya mkopo imeshatoka nje ya hifadhidata siku nyingi. Ipo kwenye SMS aliyotumiwa mwanachama, kwenye kashe ya Redis, kwenye faharasa ya utafutaji ya Elasticsearch, kwenye Excel ya mhasibu, na mwanachama mwenyewe huiandika kama kumbukumbu namba anapolipa kwa simu. Hayo yote ni marejeleo. La kwanza hifadhidata inalijua na kulilinda. Hayo mengine haijui hata kama yapo, na ndiyo yanayoumiza watu seva inapobadilishwa.

Nimeweka funguo za kigeni kwenye kila jedwali. Hazitoshi?

Kwa mambo ya ndani zinatosha: ufunguo wa kigeni ni kanuni inayokataa rejesho lisilo na mkopo wake. Tafadhali usiziondoe kwa sababu ya mtu aliyekwambia zinapunguza kasi. PostgreSQL inaponakili kwa njia yake ya kawaida, seva nakala hupokea logi ya WAL, yaani daftari la kila badiliko, na kuitekeleza kwa mpangilio uleule wa seva kuu. Muamala usiokamilika hauonekani. Kwa hiyo hata seva nakala ikibaki nyuma kwa sekunde tano, unachokiona humo ni picha kamili ya sekunde tano zilizopita. Rejesho haliwezi kuwepo bila mkopo wake.

Sasa tazama yanayotokea nje. Saa 4 usiku mwanachama wa kwanza anaidhinishiwa mkopo namba 48236. Seva kuu inathibitisha muamala, SMS inatoka, fedha inatumwa. Kabla kipande hicho cha logi hakijafika upande wa pili, seva kuu inazima. Seva nakala inapandishwa kuwa kuu, na haina habari yoyote ya mkopo 48236. Dakika tatu baadaye mwanachama wa pili anaomba mkopo na mfumo unampa namba inayofuata kwa hesabu zake: 48236.

Mwezi ukiisha, mwanachama wa kwanza anatoa simu, anaandika kumbukumbu namba 48236 kama alivyoelekezwa, na malipo yake yanapunguza deni la mwanachama wa pili. Ukikagua hifadhidata, kila ufunguo wa kigeni uko sawa. Rejesho lina mkopo wake na mkopo una mwenyewe. Hakuna kosa lolote lililoandikwa popote. Utalijua siku mwanachama wa kwanza atakapokuja ofisini na SMS yake mkononi.

Hili limewahi kutokea kweli?

Limetokea kwa GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, Septemba 2012. Seva ya MySQL iliyokuwa nyuma ilipandishwa kuwa kuu. Kihesabu chake cha namba za rekodi kilikuwa nyuma ya kile cha seva ya zamani, kwa hiyo ikaanza kugawa upya namba ambazo zilikuwa zimeshatolewa. Namba hizo zilikuwa zinatumika pia nje ya MySQL, pamoja na Redis, na huko zilibaki zikielekeza kwa wenyewe wa zamani. Matokeo yake baadhi ya watumiaji waliona matukio yasiyo yao, na kwa dakika 7 hifadhi 16 za siri za msimbo zilifikiwa na watu wasiokuwa na ruhusa. GitHub wenyewe walilieleza hadharani, na nawaheshimu kwa hilo, kwa sababu maelezo yao yamewafundisha wengi kuliko vitabu.

Hakuna ufunguo wa kigeni uliovunjika ndani ya MySQL. Kilichovunjika ni makubaliano kati ya MySQL na vilivyo nje yake.

Kwa nini kihesabu kirudi nyuma? Nilidhani namba ikishatolewa haitolewi tena.

Haitolewi tena na seva hiyohiyo. Seva nyingine inajua tu kile kilichoifikia.

Kwa PostgreSQL jambo lina undani kidogo. Kihesabu hakiandiki kwenye WAL kila namba inayotoka, kingekuwa kizito. Kinaandika mara moja kwa kutanguliza namba 32 mbele, kisha kinagawa hizo kimyakimya. Chukua kihesabu kilichotoa 48200 na kuandika kwenye logi kwamba kimefika 48232. Namba zote hadi 48232 zitatoka bila kuandikwa kitu. Inapotoka 48233 kinaandika tena, safari hii 48265. Seva kuu ikifa baada ya kutoa 48240, na maandishi hayo ya pili hayakufika kwenye seva nakala, seva nakala ikipandishwa itaanzia 48233. Namba nane zitapata wenyewe wawili wawili. Kama maandishi hayo yangefika, ingeanzia 48266 na kuacha pengo lisilo na madhara yoyote. Ndiyo maana watu wengine wanapandisha seva mara kadhaa, wanaona mapengo tu, na wanaamini wako salama. Mapengo hayo ni bahati iliyofanya kazi.

Kwa MySQL, kabla ya toleo la 8.0 kihesabu cha InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, kilikaa kwenye kumbukumbu ya RAM pekee. Seva ikizimwa na kuwashwa, ilitafuta namba kubwa zaidi iliyomo kwenye jedwali na kuongeza moja. Ukiwa umefuta rekodi ya mwisho, namba yake inatolewa tena, hata bila seva nakala kuhusika. Toleo la 8.0 lilirekebisha hilo kwa kuhifadhi kihesabu kwenye logi. Lakini halikuondoa tatizo la nakala iliyobaki nyuma, na wapo wanaodhani liliondoa.

Basi dawa ni kurusha kihesabu mbele baada ya kupandisha?

Ndiyo. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo ninayoipa uzito kuliko nyingine zote kwenye ukurasa huu. GitLab, huduma inayofanana na GitHub, walifanya hivyo. Tarehe 31 Januari 2017 data ya seva yao kuu ya PostgreSQL ilifutwa kimakosa, wakalazimika kurudisha nakala iliyokuwa na umri wa saa 6 hivi. Walipomaliza kurudisha, waliongeza vihesabu vyote kwa 100,000 ili namba zilizotolewa katika saa zile zilizopotea zisitolewe tena kwa wengine. Data ya saa zile haikurudi, lakini kiungo cha zamani alichokuwa nacho mtu hakikugeuka kuwa kiungo cha kazi ya mtu mwingine.

Kwa kihesabu kimoja ni hivi:

SELECT setval('mikopo_id_seq', (SELECT last_value FROM mikopo_id_seq) + 100000);

Andika skripti inayopita kwenye vihesabu vyote, maana siku ya tukio utasahau kimoja. Na mpangilio wa hatua ni muhimu: kihesabu kirushwe kabla programu haijaruhusiwa kuandika. Ukitumia Patroni, zana ya kupandisha seva yenyewe, na kutegemea callback yake, yaani skripti inayoitwa seva inapopandishwa, kumbuka kwamba Patroni haisubiri callback imalize kazi yake, kwa hiyo maandishi ya kwanza yanaweza kuingia kabla yake. Ni salama zaidi kuzuia miunganisho ya programu kwenye PgBouncer au HAProxy, zinazopokea miunganisho hiyo kabla haijafika kwenye hifadhidata, hadi skripti irudishe jibu.

Urushe kiasi gani? Kadiria rekodi nyingi kabisa zinazoweza kuingia ndani ya muda mrefu zaidi ambao nakala inaruhusiwa kubaki nyuma, kisha zidisha kwa ukarimu. Angalia tu aina ya safu: integer ya kawaida inaishia 2,147,483,647, na mfumo unaorusha 100,000 mara kwa mara unapaswa kuwa kwenye bigint.

Mkaguzi wetu anataka namba mfululizo zisizo na pengo.

Mpe, lakini usimpe utambulisho wa rekodi. Namba ya risiti iwe safu yake yenyewe, itolewe ndani ya muamala uleule unaoandika malipo. Utambulisho wa rekodi una kazi moja tu, kutofautisha rekodi na nyingine milele, na mapengo hayaudhuru.

Nikitumia UUID tatizo linaisha?

La kurudia namba linaisha. UUID ina biti 128, na seva mbili zisizojuana hazitatoa inayofanana. Toleo la 7, lililowekwa rasmi kwenye RFC 9562 ya Mei 2024, linaanza na muda kwa milisekunde, hivyo rekodi mpya zinakaa karibu karibu kwenye faharasa na kuandika hakuwi kuzito kama kwa UUID za nasibu tupu. PostgreSQL 18 inayo tayari kama uuidv7().

La rekodi kupotea halijaisha. SMS itaelekeza kwenye mkopo usiokuwepo. Hata hivyo hilo ni afadhali sana: anayetafuta anajibiwa kwamba mkopo haupo, anapiga simu, mtu anashughulikia. Rejeleo linaloelekeza hewani hujitangaza lenyewe, na lile linaloelekeza kwa mtu mwingine hukaa kimya.

Lakini usimtume mwanachama aandike herufi 36 kwenye menyu ya simu. Kwa kumbukumbu namba ya malipo tumia namba ya uanachama, iliyotolewa miezi au miaka iliyopita na iliyomo kwenye kila bakapu, au namba fupi yenye tarakimu ya kuhakiki ili kosa la kuandika likataliwe palepale.

Kwa nini tusiifanye seva kuu isubiri nakala kabla ya kuthibitisha?

Fanyeni hivyo kwa yanayohusu fedha. PostgreSQL usipoigusa hainakili kwa kusubiri. Ili isubiri, unaweka kitu kama synchronous_standby_names = 'ANY 1 (nakala_a, nakala_b)', na synchronous_commit ikibaki on, muamala haurudishi jibu hadi mojawapo ya nakala iandike logi kwenye diski yake. Ukiwa na seva nakala moja tu, siku itakapoanguka hiyo, seva kuu nayo itasimama ikiisubiri. Kwa hiyo mbili ndiyo kiwango cha chini.

Gharama ni muda. Mwanga ndani ya nyaya za fiba unachukua takriban milisekunde 10 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 1,000, na huo ni muda wa njia tu, kabla ya vifaa vya katikati. Nakala iliyo chumba cha pili haitasikika. Iliyo nchi nyingine itasikika kwenye kila muamala.

Habari njema ni kwamba unaweza kuchagua kwa kila muamala. Idhini ya mkopo ikae on, kumbukumbu za nani alibofya wapi ziwe local, yaani zisiisubiri nakala. Na kwa kuwa WAL ni mkondo mmoja, idhini ya mkopo ikishafika upande wa pili, kila kilichoandikwa kabla yake nacho kimefika.

Upande wa MySQL, angalia sana hali ya nusu kusubiri (semisynchronous). Seva nakala isipojibu kwa milisekunde 10,000, ambacho ndicho kikomo chake cha kawaida, seva kuu inaacha kusubiri na kuendelea bila hakikisho lolote. Anayeandika kwenye programu haambiwi. Weka tahadhari kwenye kigezo cha hali hiyo, la sivyo utadhani unalindwa wakati ulinzi uliondoka wiki iliyopita.

SMS itumwe lini?

Baada ya muamala kuthibitishwa, kamwe si katikati yake. Njia ninayoipendekeza ni kuandika ujumbe kwenye jedwali la ujumbe unaosubiri kutoka, ndani ya muamala uleule unaoandika mkopo. Kazi nyingine pembeni inasoma jedwali hilo na kutuma. Mkopo ukipotea kwenye feilova, yaani nakala inapopandishwa baada ya seva kuu kuanguka, ujumbe usiotumwa bado unapotea pamoja nao. Mkopo ukibaki, ujumbe unabaki na utatumwa.

Ukichanganya hilo na kunakili kwa kusubiri, kitu hakitoki nje ya mfumo kabla rekodi yake haijawa mahali pawili. Redis na Elasticsearch zilishwe kwa njia hiyohiyo.

Tunatumia kunakili kwa kimantiki kwenye PostgreSQL. Kuna tofauti?

Ipo, na kubwa. Kunakili huku, kulikoingia toleo la 10, hakubebi baiti za diski. Kunabeba mabadiliko ya rekodi na kuyaandika upya upande wa pili. Kazi inayoyaandika huko inaendeshwa na session_replication_role ikiwa replica, na katika hali hiyo triga, yaani kazi za ndani zinazojiendesha data inapobadilika, zinazokagua funguo za kigeni hazifyatuki. Ufunguo wa kigeni upo kwenye jedwali, unauona kwa macho, lakini data inayoingia kwa kunakili haikaguliwi nao.

Kwa hiyo fikiri kabla ya kugawa majedwali. Mikopo na marejesho yakiwa kwenye usajili mmoja (subscription, yaani mkondo mmoja wa kupokea mabadiliko), miamala inafika kwa mpangilio wake. Ukiyaweka kwenye usajili miwili tofauti, kila mmoja unakwenda kwa mwendo wake, na upande wa pili utaona marejesho ya mikopo ambayo haijafika. Ukinakili mikopo peke yake, huku jedwali la marejesho likiwepo upande wa pili kwa njia nyingine, mkopo uliofutwa utaacha marejesho yatima bila neno.

Vihesabu navyo havinakiliwi kwa njia hii, hadi toleo la 18. Safu ya id itafika na 48236, lakini kihesabu cha upande wa pili kitakuwa bado kwenye 1. Siku unapohamia huko, rekodi mpya ya kwanza itagongana na ya zamani. Angalau hapo utapata kosa la wazi la ufunguo msingi, ikiwa rekodi za zamani hazijafutwa.

Jambo la mwisho hapa ni sloti, yaani alama ya mahali usajili ulipofikia, inayokaa kwenye seva kuu. Seva kuu ikianguka, sloti inaanguka nayo. Toleo la 17 lilileta uwezo wa kuzisawazisha sloti hadi kwenye seva nakala. Kama uko kwenye toleo la zamani, ni bora kusawazisha upya majedwali baada ya feilova kuliko kutumaini kwamba hakuna kilichorukwa katikati.

Na ON DELETE CASCADE kwenye MySQL?

Katika matoleo ya 5.7 na 8, ukifuta mkopo na InnoDB ikafuta marejesho yake yenyewe, kufutwa kwa marejesho hakuandikwi kwenye logi ya binari, ile ambayo seva nakala huisoma. Kinachoandikwa ni kufutwa kwa mkopo tu, na seva nakala inategemewa kurudia ufutaji huo kwa ufunguo wake wa kigeni. Mtu akiwa ameondoa ufunguo kwenye nakala ili kuharakisha ripoti, marejesho yanabaki humo. Nakala hiyo ikipandishwa, yatima wanakuwa data rasmi.

Wanaosoma logi kwa Debezium, zana inayopeleka mabadiliko ya hifadhidata kwenye mifumo mingine, wanakutana na jambo hilohilo: ufutaji wa namna hiyo hawauoni, na mfumo unaolishwa nao unabaki na marejesho ya mkopo uliokwisha kufutwa. Kama una msomaji wa namna hiyo, futa marejesho kwa amri yake mwenyewe kwanza, kisha mkopo.

Programu inasema mwanachama hayupo, na nimemsajili sasa hivi.

Umeandika kwenye seva kuu ukasoma kwenye nakala iliyobaki nyuma kidogo. Rejeleo halijavunjika, subira ndiyo inayotakiwa. Hatari inaanza pale programu inapochukua jibu hilo kama ukweli na kumsajili mara ya pili.

Yanayofuata moja kwa moja baada ya kuandika yasomwe kwenye seva kuu. Kama hilo ni zito, chukua nafasi ya logi baada ya kuandika na uhakikishe pg_last_wal_replay_lsn() ya nakala imeifikia kabla ya kusoma. MySQL ina WAIT_FOR_EXECUTED_GTID_SET kwa kazi hiyo.

Tukiwa na seva kuu mbili zinazoandika zote, hatutahitaji feilova.

Mtakuwa na tatizo kubwa zaidi. Kugongana kwa namba kunazuilika: auto_increment_increment ikiwa 2, na auto_increment_offset ikiwa 1 kwenye seva moja na 2 kwenye nyingine, seva moja inatoa namba witiri na nyingine shufwa. Lakini wakati karani wa tawi moja anafuta mkopo ulioingizwa kimakosa, karani wa tawi la pili anaandika rejesho la mkopo huohuo. Kila seva inakagua ufunguo wa kigeni kwa data yake na kukubali. Zinapokutana hakuna jibu sahihi. Hata Group Replication ya MySQL katika hali ya seva kuu nyingi inaonya kuhusu funguo zenye ufutaji wa kufuatana. Kwa data yenye kumbukumbu za fedha ningebaki na mwandishi mmoja.

Seva kuu ya zamani imerudi yenyewe. Niiunganishe?

Usiiunganishe bado, na hakikisha hakuna programu inayoandika humo.

Tarehe 21 Oktoba 2018 mtandao wa GitHub kati ya vituo viwili vya pwani ya mashariki ya Marekani ulikatika kwa sekunde 43, wakati wa kubadilisha kifaa. Katika muda huo Orchestrator, zana yao ya kupandisha seva za MySQL, iliipandisha seva ya pwani ya magharibi. Mtandao uliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ambayo magharibi haikuyapata, na magharibi ilikuwa imeanza kupokea mapya. Hakukuwa na upande wa kurudi bila kupoteza kitu. Kwenye kundi moja tu kati ya makundi yenye kazi nyingi, maandishi ya namna hiyo yalikuwa 954. Walichagua kulinda data, na huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11. Naona walichagua vizuri.

Kwa PostgreSQL, pg_rewind itairudisha seva ya zamani kwenye mstari wa seva mpya, lakini kwa kuyatupa maandishi yaliyokuwa humo peke yake. Kwa hiyo nakili kwanza saraka nzima ya data ya seva ya zamani mahali pengine. Diski ni rahisi.

Nimeshapandisha nakala iliyobaki nyuma. Nianzie wapi?

Rusha vihesabu mbele, hata kama saa moja imepita. Namba zilizokwisha kurudiwa huwezi kuzirudisha, ila utazuia nyingine.

Kisha tafuta kilichopotea. Faili la historia la mstari mpya, lenye mwisho wa .history, linaonyesha nafasi ya logi ambapo seva mbili ziliachana. Chukua nafasi hiyo, nenda kwenye ile nakala ya saraka ya zamani, na pg_waldump itakuonyesha kila kilichoandikwa baada yake. Au iwashe nakala hiyo pembeni, isiyofikiwa na mtandao wa programu, na usome rekodi zenyewe.

Kurudisha kuna mpangilio. Wazazi kwanza: ingiza mikopo iliyopotea kwa namba mpya, na kwenye jedwali la muda andika namba ya zamani na mpya yake. Halafu marejesho, ukibadilisha mkopo_id kwa jedwali hilo. Namba ya zamani ambayo haijatolewa kwa mwingine unaweza kuirejesha ilivyokuwa, na ni vizuri kwa sababu SMS ya mwanachama itabaki kuwa kweli.

Zile zilizokwisha kupata mwenyewe wa pili zinahitaji mtu. Orodhesha wote wawili kwa kila namba, simamisha malipo yanayoingia kwa kumbukumbu hizo, na wapigie simu kabla ya tarehe ya marejesho. Kashe ya Redis ifute yote. Faharasa ya utafutaji ijengwe upya.

Nitajuaje kama kuna rekodi yatima?

Uliza moja kwa moja:

SELECT r.id, r.mkopo_id FROM marejesho r LEFT JOIN mikopo m ON m.id = r.mkopo_id WHERE r.mkopo_id IS NOT NULL AND m.id IS NULL;

Wengi hutumia VALIDATE CONSTRAINT wakidhani itakagua upya. Kizuizi kilichokwisha kuwekwa alama ya kuwa halali PostgreSQL haikikagui tena. Itabidi ukiondoe, ukirudishe kwa NOT VALID, ndipo ukithibitishe.

Kwa marejeleo ya nje, chukua sampuli ya namba kutoka Redis, Elasticsearch na logi ya SMS, na linganisha zaidi ya namba yenyewe. Linganisha na muda wa kuundwa au namba ya uanachama. Namba 48236 ipo pande zote mbili. Kinachokuonyesha kosa ni kwamba SMS ilikwenda kwa simu ambayo si ya mwenye mkopo huo.

Tufanye mazoezi ya feilova mara ngapi?

Kila mnapobadilisha toleo, mtandao au zana ya kupandisha, na bila hivyo angalau kila robo mwaka. Ila msiyafanye kwa kuzima seva kuu kwa adabu, kwa sababu PostgreSQL ikizimwa hivyo inamalizia kupeleka logi kwa nakala kwanza, na zoezi litapita kila mara. Zuieni mtandao kati ya seva huku programu ikiendelea kuandika mikopo ya majaribio, ipandisheni nakala, kisha hesabuni: ni namba ngapi za mikopo zilizotumwa kwenye SMS za majaribio zina mwenyewe tofauti upande wa pili. Jibu likiwa zaidi ya sifuri, skripti ya vihesabu haikufanya kazi au ilichelewa, na mwende mkatazame logi ya PgBouncer kujua ni ipi kati ya hizo mbili.